Ugoni, Cheo na Nidhamu: Ndoa ya Askari Mbele ya Sheria ya Jeshi

Katika nchi nyingi za dunia ya leo, mwenye ndoa anayetoka nje ya ndoa yake hukutana na hasira ya mwenzi wake, aibu mbele ya wakwe, talaka na pengine madai ya fidia, lakini hakutani na polisi wala gereza. Ugoni, yaani tendo la ndoa baina ya mtu mwenye mume au mke na mtu asiye mwenzi wake, umeondolewa hatua kwa hatua katika orodha ya makosa ya jinai na kuachiwa mahakama za madai, viongozi wa dini na vikao vya ukoo. Hata katika Marekani, ambako baadhi ya majimbo yalidumu na sheria za zamani, mkondo ni huohuo: jimbo la New York lilifuta mwaka 2024 sheria yake ya ugoni iliyokuwapo tangu 1907. Kundi moja la raia, hata hivyo, limebaki nje ya mabadiliko hayo, nalo ni wanajeshi. Askari wa Marekani anaweza hadi leo kushtakiwa, kufungwa mwaka mmoja, kunyang'anywa mshahara na marupurupu yote na kufukuzwa jeshini kwa fedheha, kwa uhusiano ambao jirani yake asiye askari angeulizwa na mwenzi wake tu. Mazungumzo haya yanaeleza sheria hiyo ilivyo, sababu zinazotolewa kuitetea, namna ilivyotumika kwa wakubwa na kwa wadogo, na masharti ambayo bila ya hayo haistahili kuitwa haki.

Msingi wa mashtaka hayo ni kanuni kuu ya sheria za kijeshi iliyopitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1950 na kuanza kutumika tarehe 31 Mei 1951, ili jeshi la nchi kavu, jeshi la majini, jeshi la anga na walinzi wa pwani wahukumiwe kwa sheria moja badala ya kila jeshi kuwa na yake. Ndani ya kanuni hiyo kimo Kifungu cha 134, ambacho wanasheria hukiita kifungu cha jumla kwa sababu kazi yake ni kukamata yale ambayo vifungu vingine havikuyataja. Kifungu hicho kinaadhibu matendo na uzembe unaoharibu utaratibu mwema na nidhamu, kinaadhibu mwenendo unaoyavunjia majeshi heshima mbele ya umma, na kinaingiza jeshini makosa mengine ya jinai yasiyo na adhabu ya kifo. Kosa hili halitajwi katika kifungu chenyewe, bali linapatikana katika Mwongozo wa Mahakama za Kijeshi, kitabu kinachotolewa kwa amri ya Rais, ambacho huorodhesha makosa yanayoweza kushtakiwa chini ya kifungu hicho, hueleza vipengele vinavyopaswa kuthibitishwa na huweka kikomo cha adhabu ya kila kosa.

Vipengele vya kosa hili ni vitatu, na mwenye kutaka kuielewa sheria hii hana budi kukitazama kwa makini kile cha tatu. Kwanza, mwendesha mashtaka huthibitisha kwamba mshtakiwa alifanya tendo la ngono na mtu fulani. Pili, huthibitisha kwamba wakati huo mmoja wao alikuwa na ndoa na mtu mwingine, jambo linalomaanisha kwamba hata askari asiye na ndoa hushtakiwa ikiwa mwenzake anayo. Tatu, huthibitisha kwamba katika mazingira yaliyokuwapo tendo hilo liliharibu utaratibu na nidhamu, au lilikuwa la namna ya kuyavunjia majeshi heshima. Mwongozo unadai madhara ya nidhamu yawe ya moja kwa moja na ya kuonekana, na unataka uvunjaji wa heshima utokane na jambo lililojulikana au lililofanywa kwa uwazi wa kuaibisha. Kwa hiyo tendo lililofanyika faraghani, lisilogusa kikosi wala kazi, ni dhambi kwa mwenye dini na ni usaliti kwa mwenye ndoa, lakini kwa maandishi ya sheria hii halijawa kosa la kijeshi mpaka madhara yake yaonyeshwe kwa ushahidi.

Ili kipengele hicho cha tatu kisiachwe kwa hisia za kila kamanda, amri ya Rais George W. Bush ya Aprili 2002 iliingiza katika Mwongozo mambo ya kupimwa kabla ya kufungua mashtaka. Kamanda anatakiwa kutazama hali ya ndoa ya wahusika, cheo na wadhifa wa mshtakiwa, cheo cha mwenzake au cha mume au mke aliyesalitiwa, uhusiano wao na jeshi, athari ya jambo hilo katika uwezo wa kila mmoja kutekeleza wajibu wake, matumizi ya muda au mali ya serikali katika kufanikisha uhusiano, kuendelea nao baada ya kuonywa au kuamriwa kuuacha, athari yake kwa kikosi, na kama ndoa yenyewe ilikuwa imekwisha kuvunjika kwa kutengana kisheria. Orodha hiyo inaonyesha wazi kwamba swali la sheria limehamishwa kutoka kitandani na kupelekwa kambini, kwa kuwa karibu kila jambo lililomo ndani yake linahusu madaraka, kazi, mali ya umma na utii.

Sababu ya kuhamisha swali hilo ni maumbile ya jeshi lenyewe. Mwajiri wa kawaida anaweza kumnyima mfanyakazi likizo au kumwandikia taarifa mbaya, lakini kamanda wa kijeshi anaweza pia kumwamuru mtu kwenda mahali ambako huenda akauawa, na mtu huyo hana ruhusa ya kukataa. Kamanda ndiye anayepanga nani aende vitani na nani abaki, nani apande cheo, nani ahamishwe, na familia ya nani ipewe nyumba kambini. Askari aliye mbali na nyumbani kwa miezi mingi amemwachia kamanda usalama wa familia yake, na amewaachia wenzake waliobaki kambini imani kwamba watailinda. Ikiwa ofisa aliyemwandikia amri ya kusafiri ndiye anayeingia nyumbani kwake nyuma ya mgongo wake, basi kilichovunjwa ni zaidi ya ndoa, kwa sababu kila askari wa kikosi kile ataanza kujiuliza kama amri anazopewa zinatokana na mahitaji ya kazi au na tamaa ya anayezitoa. Askari anayeishuku amri hupoteza muda, na katika mapigano muda unaopotea hulipwa kwa damu.

Kesi iliyoonyesha hatari hiyo kwa uwazi ni ya Meja Jenerali David Hale, ambaye mwaka 1999 alikiri mbele ya mahakama ya kijeshi makosa yaliyohusu mahusiano yake na wake za maofisa wanne waliokuwa chini yake. Hapakuwa na haja ya mhubiri kueleza ubaya wa jambo hilo, kwa sababu waume wale walipaswa kumtii mtu yuleyule aliyewasaliti. Adhabu aliyopewa ilikuwa karipio na faini, kisha akashushwa cheo katika kustaafu kwake na kuwa brigedia jenerali. Kosa alilotiwa hatiani lilikuwa pia chini ya Kifungu cha 133, kinachoadhibu mwenendo usiostahili ofisa, ambacho kwa miaka mingi kilitaja ofisa na muungwana wa kiume, mpaka Bunge lilipoyaondoa maneno ya uungwana wa kiume katika sheria ya ulinzi iliyopitishwa mwishoni mwa 2021, kwa kutambua kwamba maofisa wa kike nao wanabanwa na kifungu hicho.

Njia ambayo shauri la namna hii hupitia ni ya kijeshi tangu mwanzo hadi mwisho. Malalamiko hufika kwa kamanda, na kamanda huagiza uchunguzi, kisha huchagua moja kati ya njia kadhaa. Anaweza kumaliza jambo kwa onyo la maandishi, ambalo kwa ofisa anayengoja kupanda cheo mara nyingi huwa mwisho wa safari yake. Anaweza kutumia Kifungu cha 15, kinachompa mamlaka ya kutoa adhabu ndogo bila mahakama, kama vile kukata mshahara, kupunguza cheo au kuzuia kutoka kambini, ingawa askari asiye ndani ya meli ana haki ya kuikataa njia hiyo na kudai kesi yake isikilizwe mahakamani. Anaweza kuanzisha hatua za kiutawala za kumwachisha askari kazi, ambapo namna ya kuachishwa, iwe ya heshima, ya kawaida au yenye doa, huamua kama mtu huyo atapata matibabu na mafao ya askari mstaafu. Njia ya mwisho ni kulipeleka shauri mbele ya mahakama ya kijeshi, yenye jaji mwanasheria na wajumbe ambao ni wanajeshi wenyewe. Kwa kawaida ugoni haupelekwi huko peke yake. Huambatana na mashtaka mengine, kama kusema uongo katika uchunguzi, kukaidi amri, kutumia vibaya fedha za serikali, au urafiki usioruhusiwa baina ya ofisa na askari wa vyeo vya chini.

Mwaka ulioifanya sheria hii ijulikane duniani kote ni 1997. Luteni Kelly Flinn, mwanamke wa kwanza kurusha ndege za kivita aina ya B-52 katika jeshi la anga la Marekani, alikabiliwa na mashtaka ya ugoni, kukaidi amri na kusema uongo, kutokana na uhusiano wake na raia aliyekuwa mume wa askari wa kike wa cheo cha chini katika kambi ya Minot, jimbo la North Dakota. Wakuu wa jeshi la anga walisisitiza kwamba jambo kubwa lilikuwa uongo na ukaidi kwa mtu aliyekabidhiwa ndege yenye uwezo wa kubeba silaha za nyuklia, na hoja hiyo ilikuwa na uzito wake. Hata hivyo, umma uliona rubani kijana akitishiwa kifungo kwa sababu ya mapenzi, na Mei mwaka huo aliepuka mahakama kwa kukubali kuondoka jeshini kwa namna isiyo ya heshima kamili, na urubani wake wa kijeshi ukaishia hapo.

Wiki chache baadaye jina la Jenerali Joseph Ralston wa jeshi hilohilo la anga lilitajwa kwa ajili ya wadhifa wa juu kuliko wote wa kijeshi, uenyekiti wa wakuu wa majeshi, ikajulikana kwamba katika miaka ya 1980, alipokuwa ametengana na mkewe, aliwahi kuwa na uhusiano nje ya ndoa. Waziri wa Ulinzi William Cohen alimtetea mwanzoni kwa kusema kwamba jambo lile halikudhuru nidhamu. Kisheria waziri hakuwa mbali na ukweli, maana mwanamke huyo hakuwa chini ya amri ya jenerali, na miaka mingi ilikuwa imepita. Lakini watu waliokwisha kumwona luteni akiondolewa hawakuweza kukubali kwamba mizani hiyohiyo imegeuka kuwa laini ilipowekwa mbele yake jenerali, na Juni 1997 Ralston alijiondoa katika kuwania wadhifa huo. Aliendelea kuwa makamu mwenyekiti, na baadaye akawa kamanda mkuu wa majeshi ya NATO barani Ulaya. Kesi hizo mbili hazikufanana kwa undani wake, lakini zilifundisha kwamba sheria inayotegemea uamuzi wa kamanda lazima ieleze sababu zake hadharani, la sivyo hata uamuzi ulio sahihi utaonekana kuwa upendeleo. Vigezo vilivyoingizwa katika Mwongozo mwaka 2002 vilizaliwa na mjadala uliotokana na mwaka huo.

Kesi zilizofuata zimeonyesha kwamba mizani haijatulia bado. Mwaka 1998 Gene McKinney, aliyekuwa sajini meja wa juu kuliko wote katika jeshi la nchi kavu, alishtakiwa kwa makosa 19 yaliyotokana na malalamiko ya wanawake sita, akaachiwa kwa makosa 18 na kutiwa hatiani kwa moja la kuzuia haki isitendeke, akashushwa cheo. Mwaka 2005 Jenerali Kevin Byrnes, mwenye nyota nne, aliondolewa katika ukamanda kwa sababu ya uhusiano nje ya ndoa, pasipo kufikishwa mahakamani. Kuhusu Jenerali David Petraeus, aliyejiuzulu ukuu wa shirika la ujasusi la CIA Novemba 2012 baada ya uhusiano wake na mwandishi wa wasifu wake kujulikana, inafaa ikumbukwe kwamba hakuhukumiwa kwa ugoni. Kosa alilokiri mwaka 2015 mbele ya mahakama ya kiraia lilikuwa la kutunza isivyo halali siri za serikali, na adhabu yake ilikuwa faini ya dola 100,000 na miaka miwili ya kuwa chini ya uangalizi.

Shauri linalopaswa kumsumbua zaidi msikilizaji mwadilifu ni la Brigedia Jenerali Jeffrey Sinclair, lililomalizika Machi 2014 katika kambi ya Fort Bragg, jimbo la North Carolina. Mashtaka dhidi yake yalianza na tuhuma nzito za kumlazimisha kingono kapteni wa kike aliyekuwa chini ya amri yake. Katika makubaliano na waendesha mashtaka tuhuma hizo ziliondolewa, naye akakiri ugoni, kumtendea vibaya kapteni huyo na makosa mengine, akapewa karipio na faini ya dola 20,000, na alipostaafu alishushwa hadi luteni kanali. Pasipo kuihukumu upya kesi ambayo mahakama imeifunga, mtu anaweza kuona hatari iliyomo katika sheria yenyewe, kwamba shtaka la ugoni laweza kuwa mlango wa kutokea kwa mwenye cheo anayetuhumiwa kutumia mabavu. Ugoni ni tendo la watu wawili waliokubaliana. Kulazimishwa ni tendo la mmoja dhidi ya mwingine, na sheria inayoyaweka mambo hayo mawili katika chungu kimoja humfanya aliyeumizwa aonekane mshirika wa aliyemuumiza.

Hatari hiyo ina upande wa pili. Askari wa kike au wa kiume mwenye ndoa, au aliyelazimishwa na mtu mwenye ndoa, anapofikiria kutoa taarifa ya kubakwa hujua kwamba iwapo wachunguzi hawatamwamini, maelezo yake mwenyewe yanaweza kugeuzwa kuwa ushahidi wa ugoni dhidi yake. Kashfa ya mwaka 1996 katika kituo cha mafunzo cha Aberdeen, jimbo la Maryland, ambako wakufunzi walishtakiwa kwa kuwabaka na kuwatumia wanafunzi wao wa kijeshi, ilionyesha jinsi mwanafunzi asivyo na nafasi ya kusema hapana kwa anayemwamrisha usiku na mchana. Bunge la Marekani lilichelewa, lakini lilichukua hatua mbili za maana. Liliagiza kuwekwa utaratibu wa kumlinda mlalamikaji wa ukatili wa kingono asiadhibiwe kwa makosa madogo yanayofichuliwa na taarifa yake, na likawaondolea makamanda uamuzi wa kushtaki katika kesi za ubakaji na makosa mengine mazito, likawapa waendesha mashtaka maalumu wanaojitegemea, kwa makosa yaliyotendeka kuanzia mwisho wa Desemba 2023. Mashtaka ya ugoni peke yake, hata hivyo, yamebaki mikononi mwa makamanda.

Mabadiliko mengine makubwa yalianza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Kosa liliacha kuitwa ugoni na likapewa jina la mwenendo wa kingono nje ya ndoa, na maana yake ikapanuliwa ili ijumuishe matendo ya ngono ambayo maelezo ya zamani, yaliyofikiria mwanamume na mwanamke tu, hayakuyagusa. Upanuzi huo ulifuata matukio mawili: kuondolewa mwaka 2011 kwa katazo la wapenzi wa jinsia moja kutumikia jeshi waziwazi, na hukumu ya Mahakama Kuu ya Juu ya mwaka 2015 iliyotambua ndoa zao nchini kote, ambayo iliacha sheria ya zamani ikilinda ndoa za aina moja na kuzinyamazia nyingine. Papo hapo, askari aliyetengana na mwenzi wake kwa amri ya mahakama alipewa utetezi kamili ikiwa mwenzake naye hana ndoa au ametengana kwa namna hiyohiyo. Kabla ya hapo, mtu ambaye ndoa yake ilikuwa imebaki makaratasi tu, akingoja talaka iliyocheleweshwa na safari za kikazi, angeweza kushtakiwa sawa na yule aliyeisaliti ndoa iliyo hai.

Wapinzani wa sheria hii wameipeleka mara kadhaa mbele ya mahakama kwa hoja kwamba maneno utaratibu mwema na nidhamu hayana mpaka, na kwamba mtu hapaswi kufungwa kwa kosa asiloweza kulijua mapema. Mwaka 1974, katika kesi ya Parker dhidi ya Levy, iliyomhusu daktari wa jeshi aliyepinga vita vya Vietnam na wala si ugoni, Mahakama Kuu ya Juu ilikataa hoja hiyo kwa kusema kwamba jeshi ni jamii ya pekee, ambayo mila na desturi zake humfahamisha askari yanayokatazwa. Mwaka 2003 mahakama hiyohiyo iliamua katika kesi ya Lawrence dhidi ya Texas kwamba serikali haina haki ya kuadhibu matendo ya faragha ya watu wazima waliokubaliana. Mahakama ya rufaa ya majeshi, katika kesi ya Marcum ya mwaka 2004, ikaeleza kwamba uhuru huo unawafikia wanajeshi pia, lakini unaweza kuwekewa mipaka palipo na tofauti ya madaraka baina ya wahusika au mahitaji ya kijeshi.

Marekani haiko peke yake katika mvutano huo. Nchini India, kifungu cha 497 cha kanuni ya adhabu ya mwaka 1860 kilimwadhibu mwanamume aliyelala na mke wa mtu bila idhini ya mume, kana kwamba mke ni mali yenye mwenyewe, mpaka Mahakama Kuu ya Juu ilipokifuta tarehe 27 Septemba 2018 katika kesi ya Joseph Shine. Serikali ya India ilihofu kwamba makamanda wake wangefungwa mikono, ikaomba ufafanuzi, na Januari 2023 mahakama ikajibu kwamba hukumu ile haikugusa sheria za majeshi. Ofisa wa India anaweza bado kufukuzwa chini ya sheria ya jeshi ya mwaka 1950 kwa mwenendo usiomstahili, au kushtakiwa kwa kuvunja utaratibu na nidhamu. Uingereza, ambako ugoni si kosa la jinai, imechagua njia nyembamba zaidi: kamanda huuliza kama mwenendo wa askari umeathiri, au unaelekea kuathiri, ufanisi wa jeshi na uwezo wake wa kutekeleza operesheni, na jibu likiwa hapana, jambo hilo hubaki la mwenye ndoa.

Kwa majeshi ya Afrika Mashariki jambo hili si la mbali. King's African Rifles, jeshi la kikoloni lililoundwa mwaka 1902, liliongozwa kwa sheria zilizofuata mkondo wa sheria ya jeshi la Uingereza, na kifungu cha jumla kinachoadhibu mwenendo unaoharibu utaratibu na nidhamu kimerithiwa na nchi huru. Kimo katika kanuni ya nidhamu iliyoambatanishwa na Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya Tanzania ya mwaka 1966, na kimo katika sheria ya majeshi ya Kenya ya mwaka 2012. Kwa upande wa uraia, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haimpeleki mgoni gerezani, bali inampa mume au mke aliyesalitiwa haki ya kudai fidia mahakamani, na nchini Uganda Mahakama ya Katiba ilifuta mwaka 2007 kosa la ugoni kwa sababu lilimbagua mwanamke. Askari wa nchi hizi, kama mwenzake wa Marekani, anaishi chini ya sheria mbili kwa wakati mmoja, ile ya raia na ile ya kambi. Aidha, wazungumzaji wa Kiswahili walioingia katika jeshi la Marekani, wakiwamo waliochukuliwa chini ya mpango ulioanza 2009 wa kuandikisha wageni wenye lugha zinazohitajika, Kiswahili kikiwa mojawapo, wanabanwa na Kifungu cha 134 kuanzia siku ya kiapo, nao wanapaswa kujua kwamba talaka ya kimila iliyokwisha nyumbani lakini haijatambuliwa na mahakama inaweza isiwakinge.

Baada ya kuyapima haya yote, msimamo wa haki hauko kwa wanaotaka jeshi lisiwe na neno lolote kuhusu mapenzi ya askari wake, wala kwa wanaotaka kamanda awe mlinzi wa kila kitanda. Ndoa hutunzwa na wenye ndoa, dini zao na jamaa zao, na gereza la kijeshi halijawahi kurudisha upendo uliokufa. Madaraka ya kuamrisha, kwa upande mwingine, ni amana ya umma, na anayeyatumia kumfikia mke, mume au mwili wa aliye chini yake ameiba kutoka katika amana hiyo. Kwa hiyo sheria hii inastahili kubaki kwa masharti matatu. Madhara kwa kikosi yathibitishwe kwa ushahidi na yasidhaniwe. Cheo kiongeze uzito wa adhabu, ili jenerali asiishie kwenye faini na pensheni pale ambapo sajini angepoteza vyote. Na mabavu yaitwe mabavu na yashtakiwe hivyo, mbele ya waendesha mashtaka wasio chini ya kamanda yuleyule, yasifichwe nyuma ya jina la ugoni.

Wabunge na wakuu wa majeshi ya Afrika Mashariki hawana sababu ya kungoja kashfa ili watende yale ambayo Marekani iliyatenda baada ya kuaibika. Waandike wazi ni mambo gani kamanda atayapima kabla ya kumshtaki askari kwa mwenendo wa faragha, wamfundishe askari mambo hayo tangu siku zake za mwanzo za mafunzo, na wamhakikishie anayetoa taarifa ya kulazimishwa kwamba maelezo yake hayatageuzwa kuwa hati ya mashtaka dhidi yake. Askari ameapa kutii hata amri inayoweza kumgharimu maisha, na sheria inayomhukumu ina deni kwake la uwazi na usawa.